"Nikirudisha hasara naacha": dhana potofu kuhusu kutredi hisa kwa pesa ya mkopo

Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na kule kukiwa baridi, saa kumi na moja na nusu. Mtu akitoka kazini anakuta bei ndiyo kwanza zinachemka. Mdogo wangu aliishi na saa hizo miezi minane. Shemeji aliniambia alichokuwa akikiona: mwanga wa simu chini ya shuka, na mguu usioacha kutikisika. Nilipomuuliza mwenyewe, alinijibu kwa maneno ambayo nimeshayasikia kwa wengi.

"Nimenunua hisa za Tesla."
Mara nyingi hujanunua. Programu nyingi za simu zinakuuzia CFD, yaani mkataba kati yako na dalali kuhusu bei kupanda au kushuka. Jina lako halimo katika daftari la wanahisa. Tena dalali anakukopesha. Una laki tano, anakupa uwezo mara 5, unashika mzigo wa milioni mbili na nusu. Bei ikishuka asilimia 10, nusu ya mtaji wako imekwenda. Ikishuka 20, akaunti imeungua. Na hisa ya kampuni moja kuanguka asilimia 10 siku ya kutangaza hesabu zake si ajabu hata kidogo. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, iliweka kikomo hicho cha mara 5 kwa CFD za hisa, kwa kuwa akaunti za wateja wa kawaida zilizokuwa zikipoteza pesa zilifika kati ya asilimia 74 na 89.

"Kampuni ni imara, kwa hiyo kukopa si hatari."
Kenya ina mfano wake. Mwaka 2008 serikali ilipouza sehemu ya Safaricom kwa shilingi 5 kwa hisa, watu wengi walikopa benki ili wanunue. Mapema mwaka 2009 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni haikuwa mbovu: mwaka 2021 bei ilivuka shilingi 40. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyekopa, benki haikumngoja.

"Nikizoea chati, nitaacha kupoteza."
Watafiti Barber na Odean walifuatilia kaya zaidi ya 66,000 za Marekani kati ya 1991 na 1996. Waliouza na kununua mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Na hiyo ilikuwa miaka ya neema.

"Nikirudisha hasara naacha."
Hii ndiyo inayovunja nyumba. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza ni mzito kuliko furaha ya kupata kiasi hichohicho, na kwamba mtu aliye kwenye hasara hukubali hatari ambayo asingeigusa asubuhi akiwa ametulia. Hesabu nayo haimhurumii: ukipoteza nusu ya mtaji, unahitaji faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa.

Jumanne moja, saa mbili usiku, mdogo wangu alikuwa amepoteza 180,000. Kufika saa nne alikuwa ameshaingiza ada ya mtoto. Si mlevi, si mjinga. Ni fundi umeme anayepima waya mara mbili kabla ya kuugusa. Baada ya hapo alianza kusema uongo mdogomdogo, mara mshahara umechelewa, mara mteja hajalipa. Naamini siri ile ilimchosha kuliko hasara yenyewe. Kama uko hapo, mtajie mtu mmoja unayemwamini kiasi kamili, usipunguze hata shilingi, kabla soko halijafunguliwa jioni ya leo.

Yeye alimwambia mkewe Jumapili, baada ya chakula. Shemeji hakupiga kelele. Alileta daftari la matumizi ya nyumbani, wakaandika kila deni na jina la anayedai: mjomba, chama cha akiba, mwenye duka. Mstari wa mwenye duka wameshaufuta. Wa mjomba bado.