PMO kwenye kampuni ya ujenzi ni kitu gani hasa?

Kwanza tutoe utata, maana hapa Tanzania ukisema PMO mtu wa serikalini anasikia Ofisi ya Waziri Mkuu. Hii ninayoongelea ni nyingine kabisa, ni ofisi ya usimamizi wa miradi, ile meza (mara nyingi kweli ni meza tu na watu wawili watatu) iliyopo makao makuu ya kampuni ya ujenzi na ambayo watu wa saiti wakiona simu yake wanaanza kuguna.

Wengi wanaichanganya na meneja wa mradi. Meneja wa mradi ana saiti yake moja, analala nayo anaamka nayo, akili yake yote ni zege la kesho na hela za vibarua za Jumamosi. PMO yenyewe haina saiti, inaangalia zote kwa pamoja. Chukulia kampuni ina kazi Dodoma, Mwanza na Mtwara. Dodoma wamemaliza kuchimba msingi, kijiko (mtambo wa kuchimbia) kimekaa wiki tatu kinapigwa jua tu, huku Mwanza meneja anakodi kijiko cha mtu na analipa kwa siku. Hakuna mwizi hapo wala mzembe, kila mmoja kafanya kazi yake vizuri, ila kampuni imelipa mara mbili kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anaziona saiti zote kwa wakati mmoja. Hapo ndipo PMO inapoingia. Na si mitambo tu, hata sapulaya aliyeleta mchanga uliojaa udongo Mtwara asije akapewa oda Mwanza mwezi ujao eti kwa vile kule hawamjui.

Ila kama ningeambiwa nitaje sababu moja tu ya kuwa na hii ofisi, ningesema makaratasi, na najua mafundi watanicheka.

Sikiliza. Namba 28 kila mtu wa saiti anaijua, ni siku za zege. Unamwaga, unatengeneza kyubu (vibonge vya zege vya kupimia), nyingine unazivunja siku ya 7, nyingine siku ya 28 ndo ujue nguvu yake. Sasa mikataba mingi mikubwa inafuata masharti ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), na kwenye kile kitabu chekundu cha 1999 kuna 28 nyingine ambayo watu wa saiti hawana habari nayo: mkandarasi akitaka kudai muda wa nyongeza au hela ya ziada, anatakiwa atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipotakiwa kujua hilo tatizo. Zikipita dai limekufa, hata kama una haki mbinguni na duniani. Mteja amechelewa kukukabidhi eneo, umekaa na mitambo mwezi mzima, meneja wako anasema "tutaongea nao mwishoni", mwishoni unaambiwa umechelewa wewe na faini ya ucheleweshaji juu.

Kuna nyingine ndogo ila inaumiza kuliko zote, maagizo ya mdomo. Mhandisi mshauri anapita saiti anasema hebu ongezeni ukuta hapa, foremani anaongeza kwa heshima zote, siku ya kupima kazi QS (mkadiriaji majenzi, yule wa kupima kazi na gharama) anauliza agizo liko wapi. Masharti hayohayo yanakupa njia: thibitisha lile agizo kwa barua ndani ya siku mbili za kazi, naye asipojibu ndani ya siku mbili za kazi linahesabika limeandikwa. Barua ya mistari minne! Lakini nani ataiandika saiti saa kumi na moja jioni wakati lori la kokoto linashusha? PMO ndo inatakiwa iwe na kalenda ya hizi siku za kila mkataba, ipige kelele siku ya 20, siyo siku ya 30. (Mkataba wako unaweza kuwa na siku tofauti, usome wako.)

Kuhusu ukali wake, kuna PMO za kusaidia tu, zinakupa fomu na ushauri, kuna za kudhibiti ambazo lazima ufuate utaratibu wao wa ratiba na ripoti, na kuna zile zinazoongoza kabisa, mameneja wa miradi wako chini yao. Mimi kwa ujenzi naona ya kati inafaa, maana ya kwanza watu wanaipuuza na ya mwisho inamnyima meneja maamuzi ya pale pale, na zege halisubiri kikao. Niliwahi kukaa sehemu PMO ilikuwa inadai ripoti ya kurasa 15 kila Jumatatu, injinia anashinda Jumapili nzima anajaza ekseli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutupigia kuuliza chochote kilichoandikwa mle. Hiyo ni karani aliyepewa cheo, siyo PMO.

Na usidhani ni mambo ya wakandarasi wa daraja la kwanza peke yao. Hata wa daraja la sita au la saba kule CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) mwenye kazi mbili tatu kwa mpigo anaweza kumteua mtu mmoja, QS kijana tu mwenye mpangilio, akamwambia kazi yako ni ratiba, barua, vyeti vya malipo na mitambo iko wapi. Wiki ya kwanza aanze kwa kukusanya diari za saiti zote. Ajiandae tu, moja ataambiwa ililowa na mvua, ya pili itakuwa imeishia mwezi wa tatu, na ya tatu foremani atasema "mbona yote yapo kwenye grupu la WhatsApp".