Kuhesabu Mpaka Mia Si Kujua Hesabu

Mzazi akinieleza maendeleo ya mtoto wake wa miaka 3 au 4, karibu kila mara huanza na habari ile ile: anahesabu mpaka mia. Wengine humsimamisha mtoto palepale aanze, moja, mbili, tatu, na mtoto huimba kweli mpaka pumzi imwishie. Kisha hufuata swali: sasa nimwanzishie kujumlisha? Nimelisikia swali hilo mara nyingi mno, na nimeona nilijibu kwa urefu, kwa sababu masomo mengi ya nyumbani huharibikia hapo.

Dhana yenyewe ni kwamba mtoto akishataja namba kwa mpangilio, basi anajua kuhesabu. Si kweli. Kutaja namba ni kukariri maneno, na mtoto mdogo hukariri kwa wepesi mkubwa, maneno yawe na maana kwake au yasiwe nayo. Kuhesabu ni kujua vitu viko vingapi. Mtoto anaweza kuwa na la kwanza bila la pili kwa mwaka mzima na zaidi, na mzazi asitambue, kwa sababu hajawahi kumwomba chochote zaidi ya kuimba.

Jaribu leo. Weka vifungo kumi mezani, mwambie mtoto: "Nipe vitatu." Usimsaidie, usimwonyeshe vidole, na akikosea usikunje uso. Watoto wengi wa miaka 3 wanaoimba mpaka ishirini bila kukwama watazoa vifungo kiganjani, vingi vinavyoenea, na kukukabidhi. Halafu panga vifungo vitano kwa mstari, mwambie avihesabu. Atagusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Muulize: "Kwa hiyo viko vingapi?" Ambaye hajaelewa hatakujibu vitano. Ataanza upya: moja, mbili, tatu. Kwake swali la "vingapi" ni amri ya kuimba tena. Hajajua kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo jibu.

Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliichambua kazi hii ya kuhesabu mwaka 1978 wakapata kanuni tano ndani yake. Kila kitu kipewe namba moja tu, kisirukwe wala kisirudiwe. Namba zifuate mpangilio ule ule siku zote. Namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Chochote chaweza kuhesabiwa, hata makofi na hatua. Na haijalishi umeanzia upande gani, jibu halibadiliki. Wimbo wa namba hufundisha kanuni moja kati ya hizo tano, ile ya mpangilio. Nne zilizobaki mtoto huzipata kwa kushika vitu, kuvigawa, kuviomba na kuombwa.

Ile ya tatu, kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi, ni ngumu, na huja polepole. Akiwa na takriban miaka 2 na nusu, mtoto anaelewa "moja": ukimwomba kimoja atakupa kimoja, ukimwomba idadi nyingine yoyote atazoa tu. Miezi kadhaa baadaye anaielewa mbili. Miezi mingine tena, tatu. Mwanasaikolojia Karen Wynn alizionyesha hatua hizi katika utafiti wake wa mwaka 1990, akitumia zoezi hilo hilo la kumwomba mtoto vitu. Akishavuka tatu au nne, mambo hufunguka: anaishika kanuni yenyewe, na mara anaweza kukupa vitano, sita, saba, mpaka kadiri wimbo wake unavyofika. Wengi hufika hapo karibu na miaka 3 na nusu au 4, wengine baadaye kidogo, na huo si ugonjwa.

Sasa fikiria mtoto aliyefika kwenye "mbili" tu, na mbele yake kuna daftari lenye 5 + 3. Atajibu nane, kwa sababu jana uliandika nane. Kesho ukigeuza ikawa 3 + 5 atakuangalia usoni atafute jibu huko. Utasema hasikilizi, mzembe, anasahau haraka. Hapana. Umempa ghorofa ya tatu kabla hajamaliza msingi, na anachojifunza kwa uhakika ni kwamba hesabu ni jambo la kukisia mtu mzima anataka nini. Nimepokea watoto wa miaka 6 wenye tabia hiyo, na kuiondoa huchukua muda mrefu kuliko kufundisha hesabu yenyewe.

Somo ninalompa kila mzazi naliita Nipe. Dakika tano kwa siku zinatosha, na si lazima mkae mezani. Nipe vijiko viwili. Niletee soksi tatu. Weka kalamu nne kwenye kikombe. Kazi yako ni kutafuta mtoto anaishia wapi. Kama mbili hakosei kamwe lakini tatu anabahatisha, basi somo lako ni tatu, hata likichukua wiki kadhaa. Usikimbilie nne kwa sababu mtoto wa jirani yako yuko kumi. Akikuletea pungufu, usiseme umekosea, hesabuni pamoja, kisha useme, "Viko viwili, nilitaka vitatu, tufanyeje?" Mwache aongeze mwenyewe. Hapo amejumlisha moja bila alama ya kujumlisha.

Taja idadi pamoja na kitu chenyewe. Katika lugha yetu namba hubadilika kufuata nomino: vijiko vitatu, mawe matatu, kalamu tatu, watoto watatu. Mtoto ambaye "tatu" anaisikia kwenye wimbo tu hana njia ya kujua kwamba vitatu, matatu na watatu ni idadi ile ile. Hulijua hilo kwa kusikia nyumba nzima ikisema vijiko vitatu huku vijiko vitatu viko mbele yake.

Ukishamaliza Nipe, ongeza mchezo wa kuficha. Weka mawe manne, yahesabuni, funika kwa kikombe, toa moja mbele ya macho yake, muulize yamebaki mangapi chini. Usiinue kikombe mpaka ajibu. Mtoto anayejibu matatu kwa uhakika ameshaanza kutoa, na daftari halijafunguliwa bado.

Halafu kuna ubao wa namba, na hapa nina ushahidi mzuri mkononi. Mwaka 2008, watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler waliwapa watoto wa elimu ya awali kutoka familia zenye kipato kidogo nchini Marekani mchezo rahisi: vyumba kumi kwa mstari mmoja, namba 1 mpaka 10, na mshale wa kuzungusha unaokuambia usogee chumba kimoja au viwili. Walicheza vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20, katika muda wa wiki mbili. Watoto hao wakawa bora katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kulinganisha namba ipi kubwa, na wiki tisa baadaye maendeleo yalikuwa bado yapo. Watoto waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Ubao kama huo unauchora mwenyewe kwenye karatasi ngumu.

Zingatieni sharti moja, maana wengi hulikosea. Mtoto akiwa kwenye chumba cha 4 na akapata mbili, asihesabu "moja, mbili" akisogea. Aseme "tano, sita", yaani namba za vyumba anavyovikanyaga. Elida Laski na Siegler walionyesha mwaka 2014 kwamba namna ya kuhesabu ndiyo inayoleta faida: anayesema namba za vyumba hujifunza namba zinavyofuatana na kukua, anayerudi "moja, mbili" kila zamu hucheza tu. Ukiacha sharti hili, umepoteza somo lote.

Jambo jingine kabla sijaondoka kwenye namba. Mtoto akifika ishirini na tisa akasema "ishirini na kumi", usimcheke wala usimkatishe kwa ukali. Hilo ndilo kosa zuri kuliko yote katika umri huo, kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha. Amegundua kanuni mwenyewe na kuitumia. Mpe neno thelathini, na uendelee. Mimi humpongeza zaidi yule aliyesema ishirini na kumi kuliko aliyekariri mpaka mia bila kukosea.

Na vidole. Wazazi huniambia kwa fahari kwamba wamemkataza mtoto kuhesabia vidole, eti atazoea. Tafadhali mrudishieni vidole vyake. Vidole ni vitu kumi ambavyo hatavisahau nyumbani, vinavyoonekana, vinavyoguswa, na vinavyojigawa tano kwa tano. Mtoto wa miaka 4, 5 au 6 anayevitumia vizuri anajenga picha ya namba kichwani, na picha ikishakaa ataviacha bila kuambiwa. Ukimkataza mapema havifi. Huvificha chini ya meza, sasa akihesabu kwa woga.

Dhana nyingine ninazozisikia kwa wazazi nitazipitia kwa haraka.

"Somo la dakika kumi si somo." Kwa mtoto wa miaka 4 ndilo somo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba marudio yaliyotawanywa kwenye siku kadhaa hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa mahali pamoja. Dakika kumi kila siku zinashinda saa moja na nusu ya Jumamosi, na hazina kilio. Maliza mtoto akiwa bado anataka kuendelea. Saa ile ile kila siku, mahali palepale ikiwezekana, na siku akiwa mgonjwa au amechoka, acheni.

"Anajua a mpaka z, amebakiza kusoma." Hii ni dhana ile ile ya kuhesabu mpaka mia, imevaa herufi. Kuimba majina ya herufi hakusomi neno. Kiswahili kimetupa njia fupi sana, maana maandishi yetu hufuata sauti: anza na irabu tano, kisha konsonanti moja ukiiunganisha na kila irabu, ma, me, mi, mo, mu. Siku hiyo hiyo anaweza kusoma mama na mimi. Chukua konsonanti moja, ikae siku kadhaa, ndipo ulete nyingine. Ng', dh na gh zisubiri.

"Miaka 3 tayari, aandike jina lake." Mifupa midogo ya kifundo cha mkono huanza ikiwa gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, na huendelea kukomaa kwa miaka mingi ya utotoni. Na jicho nalo lina ngazi zake: watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na takriban miaka 3, msalaba karibu na 4, mraba kati ya 4 na 5, na pembetatu karibu na 5. Herufi kama K, M na A zina mistari ya kulala upande kama ya pembetatu, kwa hiyo usishangae zikimshinda wa miaka 3 na nusu. Mpe udongo wa kukanda, karatasi za kurarua, vibanio vya nguo vya kubana, shanga kubwa za kutunga. Herufi achore kwa kidole kwenye mchanga. Penseli ikifika, mpe fupi, maana fupi humlazimu kuishika kwa ncha za vidole badala ya ngumi. Na akigeuza b ikawa d akiwa na miaka 5, msahihishe kwa upole bila hofu. Kugeuza herufi ni kawaida mpaka karibu na miaka 7.

"Video za masomo zinamfundisha kuliko mimi." Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora. Mwongozo huohuo unataka wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13. Video haiwezi kungoja mtoto afikiri, wala haioni kwamba amezoa vifungo vyote kiganjani. Akiangalia, kaa naye, simamisha, muulize.

"Anatumia mkono wa kushoto, nimrekebishe mapema." Usimrekebishe. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia kushoto, na kumlazimisha kubadili kunamwongezea kazi ya pili juu ya kujifunza kuandika. Anachohitaji ni mpangilio: karatasi iwe upande wa kushoto wa kifua chake, sehemu ya juu iinamishwe kuelekea kulia, na penseli aishike juu kidogo kutoka kwenye ncha ili aone anachoandika.