Wanayosema Kuhusu Mfarishi wa Viraka, na Yaliyo Kweli

Mama mkwe alipokuja kutoka Siaya baada ya mimi kumaliza mfarishi wangu wa kwanza, alisimama mlangoni pa chumba, akautazama juu ya kitanda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nyathina, mwanangu, kwani blanketi zimeisha Kisumu?"

Sikumlaumu. Kwetu kiraka tunakijua kama kitu cha kaptula ya shule, kilichokaa nyuma, na mwenye nacho hutembea akiwa ameelekeza mgongo ukutani. Urembo wa nyumba tumeuzoea wa namna nyingine: vitambaa vya kufuma kwenye makochi, kwenye meza, hata juu ya redio. Mfarishi wa viraka bado ni mgeni, na mgeni hakosi kusemwa. Tangu wakati huo nimeshona mingine mitano, na yanayosemwa nimeyasikia karibu yote. Mengine niliyaamini mpaka yakaniharibia kitambaa.

Kitu chenyewe ni hiki: mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao ndio viraka vilivyounganishwa. Katikati kuna kijazo, chini kuna mgongo. Mshono unaopenya tabaka zote tatu ndio unaoufanya mfarishi. Bila huo una shuka la viraka tu.

"Ni ushonaji wa waliokosa kitambaa"

Hapa kuna ukweli nusu. Wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, walishona mifarishi yao kwa nguo za shambani zilizochakaa, magoti ya suruali yakiwa yamepauka kwa jua. Walishona kwa sababu ya baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyohiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapisha kwenye stempu.

Nusu ya pili ni kwamba matajiri nao wameshona tabaka tatu kwa karne nyingi. Katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuna mfarishi wa kitani uliotengenezwa Sisilia katika karne ya 14, wenye picha za hadithi ya Tristan, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ulaya, zilizoinuliwa kwa pamba. Huo haukushonwa na mtu aliyekosa blanketi.

Lakini habari ninayoipenda zaidi ni ya Wasidi. Hawa ni watu wa India wenye asili ya Afrika, na wengi wao mababu zao walichukuliwa kutoka upande wetu huu wa bara. Wanawake wa Wasidi wa jimbo la Karnataka hushona mfarishi wanaouita kawandi kwa nguo kuukuu. Hawaunganishi viraka kwanza kama tunavyofundishwa. Huanzia pembeni, wakiweka kiraka na kukishona papo hapo juu ya tabaka za chini, wakizunguka ndani hadi wakutane katikati. Kwenye pembe huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa, wanavyoviita maua. Havina kazi ya kushikilia chochote. Vipo kwa sababu mfarishi bila maua haujavaa. Nilimweleza mama mkwe habari hiyo na akasema, "Basi hao ni wetu."

"Viraka huokoa kitambaa"

Hesabu inasema kinyume. Chukua kitanda cha futi 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi ushuke inchi 12 kila ubavu na miguuni, unahitaji inchi 84 kwa 84. Kwa miraba ya inchi 6 ni miraba 14 kwa 14, jumla 196. Kila mraba unakatwa inchi 6 na nusu, kwa kuwa robo inchi ya kila upande inaliwa na mshono. Kitenge chenye upana wa inchi 44 kinatoa miraba sita kwa safu. Safu 33 ni inchi 214 na nusu, na kitenge kizima cha yadi 6 ni inchi 216. Umemaliza kitenge kizima, na umebaki na ukanda wa kufungia leso sokoni.

Uso uleule ungeupata kwa kuunganisha vipande viwili virefu vya inchi 84, ambavyo havifiki hata yadi 5. Viraka huokoa pale tu kitambaa kilipokuwa kinaenda kutupwa: masalio ya chini ya meza ya fundi, au mashati ya mitumba. Kununua kitenge kipya na kukikatakata ni kulipia urembo. Hakuna ubaya, ila tusidanganyane kwamba ni kubana matumizi.

Mashati ya wanaume ya pamba, yale makubwa, ndiyo mali. Jumapili pale soko la Kibuye huwa najaza mfuko. Mgongo wa shati hauna kifungo wala mfuko, na kwa kuwa limeshafuliwa mara nyingi, limeshasinyaa na kuachia rangi ya ziada. Muuzaji mmoja hunichagulia yaliyochanika kola, kwa sababu anajua kola siitaki.

"Loweka kwenye chumvi na siki, rangi itashika"

Hii nililelewa nayo. Leso mpya ilikuwa haivaliwi kabla ya kulala usiku mzima kwenye beseni la maji ya chumvi. Basi mfarishi wangu wa pili nikauwekea leso nyekundu karibu na nyeupe, chumvi ikiwa imefanya kazi yake usiku kucha. Nilipoufua mara ya kwanza, nyeupe yote ikawa rangi ya fizi.

Chumvi ina kazi yake, lakini kazi hiyo iko kiwandani: wakati wa kupaka rangi, husaidia rangi kutoka kwenye maji na kuingia kwenye uzi. Baada ya hapo haifungi kitu. Siki nayo husaidia rangi za sufu na hariri. Kwenye pamba inanukisha tu beseni. Rangi inayotoka kwenye kitenge kipya ni ile iliyozidi, isiyopata pa kushika, na dawa yake ni kuiondoa: maji ya moto, sabuni, kusuuza, kurudia mpaka maji yatoke meupe.

Kabla ya kukata, lowesha kona ya kitambaa, weka juu yake kipande cheupe, piga pasi. Cheupe kikipata rangi, rudi kwenye beseni. Nyekundu na buluu ya giza ndizo wahalifu wakubwa. Na ikiwa mfarishi umeshachuja, usiuache ukauke. Urudishe upesi kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni uloweke kwa saa kadhaa. Mimi nilianika kwanza nikalia baadaye.

Kufua kabla ya kukata kuna faida nyingine. Pamba mpya husinyaa, kwa kawaida sehemu 3 hadi 5 kwa mia. Ukichanganya iliyofuliwa na isiyofuliwa, kiraka kimoja kitajikunja na jirani yake atabaki amelegea.

"Kitambaa ni kitambaa"

Vuta kipande kwa urefu, sambamba na ukingo wa kiwandani: hakivutiki. Huo ndio mtande. Vuta kwa upana, kwenye mshindio: kinalegea kidogo. Sasa vuta mshazari, kona kwa kona, uone kinavyonyooka kama ulimbo. Mraba uliokatwa bila kufuata nyuzi ni mraba kwenye meza tu. Ukiwa mikononi mwako unageuka kuwa kitu kingine. Pembetatu ndiyo yenye hila zaidi, maana lazima upande wake mmoja uwe wa mshazari, na huo haupaswi kuvutwa wala kusuguliwa kwa pasi. Pasi ya viraka huwekwa na kuinuliwa. Na ukitaka kupata pembetatu mbili kutoka mraba mmoja, ongeza inchi 7/8 kwenye kipimo cha mwisho badala ya nusu inchi. Hapo ndipo wengi wanapopoteza ncha.

Poliesta inayouzwa kama kitenge cha pamba utaijua kwa moto: choma uzi mmoja juu ya sinia. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaganda punje ngumu. Haifai kuchanganywa na pamba kwenye uso mmoja, kwani pasi inayonyoosha moja inaikunja nyingine.

"Lazima uwe na cherehani ya kisasa"

Ile nyeusi ya kukanyaga, inayoshona mshono ulionyooka na basi, inatosha kabisa. Kinachohitaji ukali ni ile robo inchi ya mshono. Mguu wa cherehani yako huenda si robo inchi, kwa hiyo pima, kisha bandika kipande cha utepe kwenye bamba pawe ndio mpaka wako. Ukikosea sehemu moja ya 16 ya inchi kwa kila kitambaa, kila mshono unakula moja ya 8 zaidi. Safu ya miraba 14 ina mishono 13, hivyo safu nzima imepungua zaidi ya inchi moja na nusu. Halafu unashangaa safu hazikutani.

"Rangi nzuri ndiyo kila kitu"

Giza na mwanga vina nguvu kuliko rangi. Nyekundu na kijani zenye giza sawa, ukisimama mlangoni, huwa tope. Tandaza viraka sakafuni, piga picha kwa simu, ondoa rangi kwenye picha. Kama mchoro umepotea, badilisha vitambaa kabla hujashika uzi.

"Kadiri mfarishi ulivyo mnene ndivyo ulivyo bora"

Mwambie hivyo mtu wa Nakuru, kule mita 1,850 juu ya bahari, atakubali. Sisi wa ziwani tuko mita 1,130 hivi, na usiku wa Februari hata shuka ni mzigo. Kwa Kisumu mimi hutumia shuka kuukuu la pamba kama kijazo. Mfarishi nilioupeleka kwa dada yangu Nakuru niliuwekea blanketi la mitumba lililofuliwa vizuri. Kijazo cha aina hii hakihami, kwa hiyo mistari ya mshono inaweza kuachana. Pamba iliyochambuliwa ndiyo yenye taabu: isiposhonwa kwa mistari ya karibu, vidole vinne au chini ya hapo, ikifuliwa hukusanyika kwenye mabonge na kuacha uwazi katikati.

"Uso ukiisha, kazi imeisha"

Ningeweza kuandika haya pekee. Nimeona nyuso nzuri sana zikilala kwenye sanduku miaka, au zikiharibiwa kwa siku moja ya haraka. Uso ukiisha umefika katikati.

Tandaza mgongo sakafuni ukiwa umeugeuza, uwe mkubwa kuliko uso kwa inchi tatu au nne kila upande, na uubane kwa utepe wa karatasi uwe umenyooka bila kuvutika. Weka kijazo, kisha uso. Halafu piga bandi, mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje kama miale, kila upana wa kiganja. Watu huruka bandi kwa sababu itafumuliwa. Asiyepiga bandi atafumua kitu kikubwa zaidi.

Mshono wenyewe nao huanzia katikati, ili mkunjo wowote usukumwe nje. Tumia sindano fupi, kwa sababu ndefu hupinda na mkono hauwezi kuihisi chini ya tabaka. Vaa subana kidole cha kati. Fundo la uzi livute kidogo mpaka liingie ndani ya kijazo, lisionekane juu wala chini. Anayeanza akipata mishono mitano au sita kwa inchi, inatosha. Mabingwa hufika kumi. Ila jicho halihesabu, jicho huona kutolingana. Mitano inayofanana hupendeza kuliko kumi inayogombana.

Kisha ukingo. Wengi huambiwa lazima uwe baiasi, ukatwe mshazari. Kwa kingo zilizonyooka si lazima: mshazari ni wa pembe za mviringo. Kwa mfarishi wetu wa inchi 84, kata vipande tisa vya upana wa inchi mbili na nusu, unganisha, kunja katikati kwa urefu uwe tabaka mbili, shona kwenye uso kwa cherehani, kisha geuza nyuma umalizie kwa mkono. Tabaka mbili, maana ukingo ndio huchakaa kwanza: ndiko mikono inakoshika.

Kuna hadithi mbili nzuri ninazoulizwa mara kwa mara. Moja ni kwamba washonaji wa zamani waliweka kosa makusudi kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu. Nyingine ni kwamba watumwa wa Marekani walitundika mifarishi yenye alama za siri za kuonyesha njia ya kutoroka. Wanahistoria hawajapata ushahidi wa kuzithibitisha. Kuhusu ile ya kwanza, mimi sijawahi kuhitaji kukosea makusudi.

"Mfarishi haufuliwi"

Hufuliwa, ikiwa ulifua vitambaa mwanzo. Maji vuguvugu, sabuni ya kawaida, usikamue kwa kupinda. Ukiwa na maji una uzito wa mtoto wa shule, na ukiutundika kwenye kamba moja mishono itabeba uzito huo wote. Utandaze juu ya nyasi kwenye shuka safi, au kwenye kamba mbili tatu sambamba, kivulini, mgongo ukiwa juu. Na kama boma lina uzio wa ojuok, yaani minyaa, usiuanike hapo. Yale maziwa yake yakidondokea kitambaa, doa halitoki, na mama mkwe, ambaye siku hizi ndiye anayelala na ule mfarishi wa kwanza huko Siaya, alinipigia simu kunieleza hilo.