Akidi Haihesabu Kura

"Hoja imeanguka kwa kukosa akidi." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno katika vikao vya kamati za hapa Nairobi, na juzi nimeisikia tena kwa mwenyekiti ambaye dakika chache kabla alikuwa amewaomba wajumbe wanyooshe mikono, akaihesabu, na katibu akaandika. Kama akidi haikuwepo, mikono ile ilinyooshwa ya nini? Na kama ilikuwepo, basi hoja haikuanguka kwa kuikosa. Ilianguka kwa sababu walioikataa walikuwa wengi kuliko walioitaka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Akidi, au koramu kama wengi wetu tunavyosema, ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao halali. Basi. Haina habari na walivyopiga kura. Mjumbe anayepinga kila kitu huhesabiwa kwenye akidi sawa na anayekubali kila kitu, na yule anayesinzia karibu na dirisha naye huhesabiwa, mradi hajatoka.

Akidi isipotimia hakuna hoja inayopita wala kuanguka. Hoja hubaki pale ilipokuwa na kikao huahirishwa. Hili si suala la lugha tu. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa, kwa mfano, haziruhusu hoja iliyokwisha kuamuliwa iletwe tena katika msimu uleule wa vikao kabla miezi sita haijapita, na kamati nyingi za chini zimeiga utaratibu wa namna hiyo. Katibu akiandika "imeanguka" mahali ambapo kikao hakikuwa halali, amemnyima mwenye hoja haki ya kuirudisha wiki ijayo. Akiandika "imeahirishwa kwa kukosa akidi" ilhali watu walipiga kura wakaikataa, amempa mshindwa nafasi ya pili asiyostahili. Nimeona yote mawili, na mara nyingine sina hakika kwamba ni bahati mbaya.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye kamati. Mwishoni mwa Februari 2019, mswada wa kurekebisha Katiba ili kutimiza kanuni ya jinsia, inayotaka wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, ulikwama katika Bunge la Taifa, na mitaani watu wakasema Bunge limekosa akidi. Akidi ya Bunge la Taifa, kwa Kifungu cha 121 cha Katiba, ni wabunge 50 tu, na siku hiyo waliofika walikuwa wengi kuliko hao mara kadhaa. Kilichokosekana ni wabunge 233, yaani theluthi mbili ya wabunge wote 349, ambao Kifungu cha 256 kinawataka waunge mkono marekebisho ya Katiba. Kikao kilikuwa halali, ila kura za kutosha zisingeweza kupatikana. (Na kwa kuwa kanuni yenyewe ya jinsia huitwa "theluthi mbili", ukajikuta na theluthi mbili inayokwama kwa kukosa theluthi mbili. Sishangai watu walichanganyikiwa.)

Hapa City Hall, makao ya kaunti ya Nairobi, mfano ni wazi zaidi. Akidi ya bunge la kaunti ni theluthi moja ya wajumbe wote. Desemba 2020, bunge la kaunti ya Nairobi lilipopitisha hoja ya kumwondoa Gavana Mike Sonko, lilikuwa na wajumbe 122. Wajumbe 41 wangetosha kuketi, kujadili ripoti na kupitisha hoja za kawaida. Lakini hoja ya kumwondoa gavana inahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 82. Waliounga mkono walikuwa 88. Bunge lilelile, siku ileile, idadi mbili tofauti: ya kwanza inajibu swali la kama tunaweza kuketi, ya pili inajibu swali la kama tumeamua.

Ninapoongea juu ya kanuni za kamati sina maana ya sheria ndogo za jiji. Nairobi ukitaja sheria ndogo, mtu humwona kanjo, askari wa jiji, akimfukuza mchuuzi katika soko la Muthurwa. Nazungumzia ile karatasi ya kurasa nne au tano inayosema kamati itaitwa vipi, itaketi lini na itaamua vipi. Karatasi hiyo ndiyo yenye kasoro kubwa kuliko zote, nayo imejificha katika neno "wingi". Wingi wa nani?

Chukua kamati ya ushauri ya wadi yenye wajumbe 15, akidi yake ni 8. Jioni ya mkutano wamefika 8 kamili. Hoja ni kupendekeza soko la jioni lihamishwe kutoka kando ya barabara. Wanne wanasema ndiyo, watatu wanasema hapana, mmoja ananyamaza kwa sababu shemeji yake anauza nyanya pale.

Kama kanuni zinasema "wingi wa wajumbe waliohudhuria na kupiga kura", waliopiga ni saba, wanne wanatosha, hoja imepita. Ndivyo Kifungu cha 122 cha Katiba kinavyosema kuhusu Bunge kwa mambo ya kawaida. Kama kanuni zinasema "wingi wa wajumbe waliohudhuria", wapo wanane, zaidi ya nusu ni watano, hoja imeanguka. Yule aliyenyamaza kwa heshima amepinga pasipo kujua. Na kama zinasema "wingi wa wajumbe wote", zinahitajika kura 8, maana yake kila aliyemo chumbani akubali. Wale saba waliokwama kwenye foleni ya Jogoo Road wamepinga wakiwa ndani ya matatu.

Kura ni zilezile, nne kwa tatu. Majibu mawili tofauti, na kila upande unaweza kuapa kwamba una haki ikiwa karatasi inasema "wingi" tu.

Hapo ndipo huingia "nusu jumlisha moja", msemo tunaoupenda sana tangu uchaguzi wa 2013. Nusu ya 15 ni saba na nusu. Jumlisha moja upate nane na nusu, kisha uanze kutafuta nusu ya mjumbe. Kinachotakiwa ni zaidi ya nusu, na zaidi ya nusu ya 15 ni 8. Na uchaguzi wenyewe wa 2013 ulionyesha kwamba shida ni kujua unagawa kwa nini. Kura za Uhuru Kenyatta zilikuwa 6,173,433. Ukizigawa kwa kura zote zilizopigwa, zikiwemo zilizokataliwa, unapata asilimia 50.07. Ukiziondoa zilizokataliwa, inakuwa asilimia 50.51. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, ikasema kura zilizokataliwa zisiingizwe kwenye hesabu.

Sare nayo ina makosa yake. Watu hudhani mwenyekiti ana kura ya pili ya kuamua, popote alipo, kwa kuwa ni mwenyekiti. Hana, isipokuwa kanuni zimempa. Bungeni spika hana kura kabisa, na kura zikilingana hoja imeshindwa. Kwenye kamati nyingi mwenyekiti ni mjumbe kama wengine, ana kura moja, na akishaitumia imekwisha.

Kuna jambo la tatu linaloitwa akidi kimakosa, na hili hata mawakili wamelipigania hadi ngazi ya juu: muundo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilibaki na makamishna watatu baada ya wenzao wanne kujiuzulu kati ya Oktoba 2017 na Aprili 2018. Kisha ikahakiki saini za BBI, mpango wa kurekebisha Katiba. Je, watatu wanatosha? Mei 2021 Mahakama Kuu ilisema hawatoshi, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikasema IEBC ilikuwa na muundo na akidi ya kufanya kazi ile. Kifungu cha 250 cha Katiba kinasema tume iwe na wanachama wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, na hapo ndipo mjadala ulipoanzia: swali la chombo kuwa kamili na swali la kikao kuwa halali yanakaa jirani lakini si swali moja.

Kamati ya wadi haitafika Mahakama ya Juu, lakini ugonjwa ni huo. Viti ni 15, wanne wamehama mtaa au wameacha kuja na hakuna aliyewajaza. Akidi ya "zaidi ya nusu" ni 8 ukihesabu viti vyote, ni 6 ukihesabu wajumbe 11 waliopo. Kanuni zisiposema, mwenye haraka atachagua 6 na mwenye kupinga atachagua 8, na kikao chote kitapotelea hapo.

Sasa, kuna wanaouliza kwa nini kamati ya ushauri isumbuke na haya ilhali uamuzi wake haumfungi gavana wala waziri wa kaunti. Mimi naona kinyume. Anayeamua anaweza kutupa hesabu akitaka. Anayeshauri hana kingine cha kupeleka zaidi ya uzito wa waliokubaliana. Pendekezo lililopita 13 kwa 2 na lililopita 4 kwa 3 si pendekezo moja, hata kama yote yameandikwa "kamati inapendekeza".

Na ni kwenye ushauri ambapo akidi ya idadi tupu hudanganya zaidi. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti. Wanaketi naye mawaziri wa kaunti, na upande wa pili idadi iliyo sawa na ya mawaziri hao ya watu wasio maafisa wa kaunti: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, makundi ya dini. Fanya hesabu. Mawaziri wakiwa 10, wawakilishi ni 10, jumla na gavana ni 21. Zaidi ya nusu ni 11. Gavana na mawaziri wake ni 11. Weka idadi yoyote ya mawaziri, jibu ni lilelile: serikali ya kaunti peke yake inatimiza akidi ya "zaidi ya nusu", na inaweza kujishauri yenyewe bila raia hata mmoja chumbani. Kwa chombo kilichoundwa ili serikali iwasikilize wananchi, kanuni ya namna hiyo ni kichekesho. Akidi inayofaa ingetaja pande: zaidi ya nusu, na miongoni mwao angalau nusu ya wasio maafisa.

Mtu akikwambia hilo ni kubuni, mkumbushe koramu ilikotoka. Ni neno la Kilatini lenye maana ya "ambao miongoni mwao". Uingereza ya zamani, hati za kuteua mahakimu wa amani ziliorodhesha majina, kisha zikataja wachache ambao mmoja wao lazima awepo ili kikao kiwe na nguvu, mara nyingi wale waliojua sheria. Koramu ya kwanza ilihusu nani yupo. Kuihesabu kwa vichwa tu kulikuja baadaye.

Vichwa, nimesema, wala si saini. Daftari la mahudhurio lina sahihi 14, chumbani kuna watu sita na sufuria ya chai. Wanane walitia sahihi, wakapokea nauli, wakashuka kabla ajenda ya tatu haijafikiwa. Akidi hupimwa wakati wa kuamua, na mjumbe yeyote anaweza kusimama aiulizie, kama mbunge anavyoweza kumwambia spika ukumbi umepungua na kengele ikapigwa. Asipouliza yeyote, kikao huendelea. Ndiyo maana unaona Bunge likijadili mswada mbele ya viti vitupu. Na vidole gumba kwenye kundi la WhatsApp si kikao, ila kanuni zikiwa zimeruhusu kura ya namna hiyo na kueleza inafungwa lini.

Kwa hiyo, ndugu katibu, kabla hujaisoma ripoti mbele ya wajumbe mwezi ujao, rekebisha ule mstari wa ukurasa wa pili. Futa "hoja ilianguka kwa kukosa akidi". Andika: "Wajumbe 9 walikuwepo, akidi ilitimia. Hoja iliungwa mkono na 4, ikapingwa na 5, haikupita." Na ile ya mwezi uliopita, mlipobaki watano mkaenda zenu bila kupiga kura, iandike kuwa imeahirishwa, uirudishe kwenye ajenda.