Je, wajua kwa nini usaha wa kuku hautiririki?

Kuku akijikunyata pembeni, manyoya yametutumka na macho yamefumba nusu, neno la kwanza kumtoka mfugaji ni kideri. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mtetea wangu mwekundu aliposhinda chini ya mwembe bila kugusa pumba, nilimtenga, nikanunua dawa ya unga dukani, nikaikoroga kwenye maji yake, nikasubiri. Siku ya tatu bwana mifugo alipita kwa shughuli nyingine. Hakuuliza ni dawa gani. Alimshika kuku, akapuliza manyoya chini ya bawa, ngozi ikaonekana: matundu mawili madogo, makavu kabisa, na kando yake kinundu kigumu.

"Meno ya paka," akasema.

"Mbona hakuna usaha?"

"Usaha ndio huu." Akakigonga kile kinundu kwa ukucha.

Nilikuwa nimekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni hiyo dawa. Hata kingekuwa kideri kweli, isingefaa kitu: kideri kinaletwa na virusi na hakina tiba, kina chanjo tu. Halafu kideri hakina subira. Hupita bandani, na baada ya siku chache unaona wengi wamelala, kinyesi cha kijani, wengine wanahema au shingo zimepinda. Kuku mmoja akizubaa huku wenzake wanaparura kama kawaida, mpekue kwanza. (Hata kideri huanza na mmoja, kwa hiyo kumtenga ndilo jambo pekee nililopatia.) Papasa kidari. Kikiwa na nyama pande zote, basi yaliyompata ni ya juzi juzi. Kikiwa chembamba kama makali ya kisu, ameumwa siku nyingi. Kilemba kilichopauka huenda ni damu iliyopotea, ila minyoo na utitiri nao hupausha.

Na usitegemee kuona damu. Manyoya hulala juu ya jeraha kama makuti juu ya paa bovu: ukiwa nje huoni tundu. Yafunue kinyume na yanavyolala, chini ya mabawa, mgongoni, kwenye mapaja na kuzunguka tundu la kinyesi. Ukiwa na jogoo mzito, angalia mbavu za majike. Kipi chake, ile pembe ya mguuni, huchana ngozi anapowapanda.

Kosa la pili ndilo lililonivutia zaidi. Niliamini jeraha kavu ni jeraha linalopona.

Sisi binadamu tukiingiwa na bakteria jerahani, chembe nyeupe za damu ziitwazo nutrofili hukimbilia pale, hupigana, hufa, na zikifa humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha mizoga yote, ya bakteria na yao wenyewe. Kimojawapo, mieloperoksidesi, ndicho kinachoupa usaha wetu ule ukijani. Kuku hana nutrofili. Ana binamu zake, heterofili, ambazo hupigana vizuri tu lakini hazina kimeng'enya hicho. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa zaidi, ingawa si lazima iwe peke yake. Mizoga haiyeyuki, maji yake hunyonywa, na kinachobaki hushikana tabaka kwa tabaka.

Kwa lugha ya jikoni, usaha wetu ni uji na wa kuku ni ugali, tena wa jana. Sufuria ya uji ikitoboka, uji hutoka wenyewe. Ugali haujali tundu. Unabaki umekaa pale pale mpaka mtu aukwangue. Ndiyo maana dawa ya kumeza mara nyingi hushindwa peke yake: dawa husafiri na damu, na ndani ya bonge lile hakuna mshipa hata mmoja. Ni kama gari la maji kwenye mtaa usio na barabara, linaishia getini. Uvimbe wa wayo wenye kigaga cheusi katikati ni ugali huo huo. Usiuchimbe mwenyewe, kwani kano za vidole zinapita hapo. Mwachie daktari wa mifugo.

Jeraha bichi ni rahisi zaidi. Chemsha maji, yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, lisukutue kwa bomba lisilo na sindano, kisha paka iodini iliyozimuliwa. Usimbane kifua unapomshika: kuku hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu yetu, hupumua kwa kusogeza kidari, ukimkaba anakosa hewa. Na kama mfupa wa juu wa bawa umevunjika ukatokeza nje, usimwagie maji kabisa. Mfupa huo una uwazi uliounganika na vifuko vya hewa, na maji yanaweza kufika kwenye njia ya pumzi. Katika karne ya 18 mpasuaji John Hunter wa London alionyesha kwamba ndege aliyezibwa koo anaweza kuendelea kupumua kupitia mfupa huo.

Mweke peke yake, pakavu na penye joto, maana wenzake hudonoa chochote chekundu. Kagua mara mbili kwa siku. Mayai ya nzi huweza kuwa funza kabla siku haijaisha. Asali huwasaidia watu wenye vidonda, lakini kwa kuku ushahidi ni mwembamba, na sisimizi hawatakuuliza. Aliyeng'atwa na paka au mbwa anahitaji daktari, kwa sababu meno husukuma bakteria ndani kabisa. Akipewa antibiotiki, usile mayai yake hadi muda uliotajwa na daktari upite.

Wangu alipasuliwa mchana ule ule, juu ya meza ya uani. Kilichotoka kilikuwa cha manjano, kikavu, kimekunjamana kama punje ya hindi la kuchemsha. Kilipoanguka chini, kuku mwingine alikuja mbio kukidonoa.