Je, wajua kwa nini ukipiga 115 kwa dharura ya uzazi anaweza kuja dereva wa Noah badala ya ambulansi?

Wengi wakisikia namba ya dharura wanawaza zile za kwenye muvi, unapiga tu mara ving'ora hivi hapa. Sasa njoo wilaya ya pembeni, saa nane usiku, mama katoka kujifungua na damu haikati, zahanati ya kijiji ina muuguzi mmoja na haina hata chumba cha upasuaji, na gari la wagonjwa la wilaya muda huo limeshaondoka na mgonjwa mwingine kwenda rufaa mkoani. Na damu ya uzazi haisubiri, inaweza kummaliza mtu mzima kabisa ndani ya masaa mawili.

Lakini ukiangalia vizuri, magari yapo. Pale stendi zipo Noah na Probox, zimelala. Shida ni nani amwamshe dereva usiku ule na nani alipe, maana bei ya usiku tunaijua wote, mwenye mgonjwa hana nguvu ya kubagein, anatajiwa bei yoyote na kama hana hela taslimu ndo wanaanza kupita kwa majirani kuchangisha mafuta huku mgonjwa anazidi kuishiwa nguvu.

Mfumo wa m-mama, ule wa kuwasafirisha akina mama na vichanga wenye dharura kwa kupiga 115, umeshika hapo hapo. Ulianza kwa majaribio kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga, mwaka 2013, Vodafone Foundation (taasisi ya hisani ya kampuni ya simu ya Vodafone) wakishirikiana na serikali na wadau wengine, na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua rasmi uende nchi nzima. Ni kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na vichanga hadi siku 28.

Sasa inaendaje? Anapiga ndugu, mhudumu wa afya wa kijijini au mara nyingi muuguzi wa zahanati mwenyewe, na 115 ni bure kwahiyo hata simu isiyo na salio inapiga. Inapokelewa kituo cha mkoa, na anayepokea sio mtu wa kuandika jina tu, ni mhudumu wa afya, anauliza maswali anayoongozwa na programu kwenye kompyuta, mimba ya miezi mingapi, damu inatoka kiasi gani, amepata degedege au la, halafu programu inamsaidia kujua kama ni dharura kweli na apelekwe hospitali ipi. Kama ni dharura inatafutwa kwanza ambulansi iliyo karibu, ikiwa haipo au iko mbali ndo anapigiwa dereva wa jamii.

Huyu dereva ni mtu wa pale pale mtaani mwenye gari lake, ameshaandikishwa na bei imeshakubaliwa kabla kulingana na umbali, kwahiyo usiku ule hakuna mjadala wa hela na familia haitoi hata mia. Akimfikisha mgonjwa, hospitali inathibitisha amepokelewa na malipo yanaingia kwenye simu ya dereva muda huo huo. Mimi naona ujanja wote uko kwenye hili la malipo, maana dereva akikopwa mara mbili tu, ya tatu simu yake utaikuta imezimwa. Na faida nyingine, njia anazijua, ukimwambia "kata kulia kwenye mashine ya kusaga" haulizi mara mbili.

Kwa ajali ya bodaboda au mtu kaanguka na presha mfumo huu hauhusiki, huko bado watu wanapakiwa kwenye chochote kinachopita. Polisi ni 112 na zimamoto na uokoaji ni 114.

Kama una mjamzito nyumbani isevu 115 kwenye simu zote za pale ndani, na ukipiga anza na kijiji na zahanati iliyo karibu, halafu ndo ueleze hali ya mgonjwa, ili hata simu ikikata wajue pa kuanzia.