Hapana, hatukusimama ili tumwone simba

Nilikuwa kwenye taksi ya Mbale, abiria wa pembeni akajua kwamba kazi yangu ni mifupa ya kale, na kabla hatujafika Jinja alikuwa ameshanifundisha jinsi binadamu alivyosimama. Msitu ulikauka, nyasi zikawa ndefu, babu yetu akainuka amwone simba, basi akabaki wima. Hadithi hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa waongoza watalii, hata kwa daktari mmoja wa mifupa. Leo naijibu kwa maandishi, ili safari ijayo nimtumie mtu kiungo nami nilale.

Tuanze na huyo simba. Nenda mbuga za Murchison au Kidepo, hapa Uganda, uwatazame tumbili patas, wale wekundu wenye masharubu meupe. Hao ndio wakazi wa nyasini hasa, na husimama kwa miguu miwili kuchungulia adui. Wakishamwona? Wanarudi kwenye minne na kutimka, na katika jamii nzima ya nyani na tumbili hakuna awapitaye kwa mbio. Kuchungulia ni kazi ya sekunde chache, haidai nyonga mpya. Tena aliyebaki wima baada ya kumwona simba, simba naye amemwona.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya kusimama na kutembea. Nyani husimama. Sokwe husimama, hata hutembea wima hatua kadhaa akiwa amebeba mapapai ya wizi. Lakini mtazame anavyokwenda! Nyonga yake ni ndefu na imeelekea mgongoni, kwa hiyo misuli ya matako humsukuma vizuri anapopanda mti lakini haimshiki ubavuni. Kila anapoinua mguu mmoja, kiwiliwili chote huegemea upande wa pili, akayumba kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Kwetu mfupa huo umefupika, ukapanuka na kuzungukia ubavuni. Misuli ileile sasa huvuta kutoka pembeni, ikizuia nyonga isishuke upande wa mguu ulio hewani. Paja nalo huinama kuingia ndani kuelekea gotini, unyayo ukanyage chini ya uzito. Bila hayo unaweza kusimama mpaka jioni, lakini hutafika mbali.

Sasa, Lucy, yule jamaa wa kale wa binadamu ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar kule Ethiopia mwaka 1974, ana miaka milioni 3.2. Nyonga na goti lake ni vya mtembeaji, ilhali ubongo wake haukuuzidi sana wa sokwe. Nyayo za watembea wima zilizoganda majivuni Laetoli, Tanzania, ni za miaka milioni 3.66. Zana za mawe za kale kuliko zote tulizonazo, za Lomekwi magharibi ya Ziwa Turkana, ni za milioni 3.3. Kwa hiyo wale wa "akili ilitangulia" na wale wa "tulisimama ili tushike zana" nao wakae kitako. Wataniambia zana za kwanza zilikuwa fimbo, zikaoza. Inawezekana, ila siwezi kubishana na fimbo ambayo haipo.

Na nyasi je? Ardipithecus, jamaa mwingine wa kale wa binadamu, wa Aramis kule Ethiopia, wa miaka milioni 4.4, alikuwa na kidole gumba cha mguu kilichoachana na wenzake, cha kushikia matawi, huku sehemu ya juu ya nyonga ikiwa imeshaanza kubadilika. Waliomfukua wanasema aliishi kwenye miti. Wakemia wa udongo wakaja na hesabu zao wakasema nyasi zilikuwa nyingi kuliko hivyo, na ugomvi haujaisha. Vitabu vya shule vinaupita kimyakimya.

Mimi hapo huwa nawarudisha watu nyumbani, Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Morotopithecus wa Moroto, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, aliishi miaka milioni 21 iliyopita. Pingili zake za kiunoni ni za mnyama aliyezoea kukaa wima mitini. Mwaka 2023 jarida la Science likachapisha kwamba mahali pale palikuwa na miti iliyoachana, na nyasi katikati yake. Yaani nyasi zilikuwepo na mgongo wima ulikuwepo, na bado ikapita miaka milioni 14 kabla ya yule wa Chad, Sahelanthropus, anayedhaniwa na baadhi kuwa mtembea wima wa kwanza, ambaye hata fupa lake la paja wataalamu wanaligombania. Kama nyasi peke yake ingetosha kumsimamisha mtu, Wakaramojong wangekuwa na jambo kubwa sana la kujivunia.

Sokwe wa leo wanaelekeza kwingine. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, wameonekana wakisimama wima juu ya matawi manene wakila matunda. Kule bonde la Issa, Tanzania, ambako miti ni michache na nyasi nyingi, utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya asilimia 85 ya kusimama kwao kwa miguu miwili kulitokea mitini. Walipokuwa chini walikwenda kwa minne.

Basi mimi naegemea hapa: wima ulianzia matawini, kwa sababu ya chakula, kisha ukashushwa chini miti ilipoachana. Gharama nayo inasaidia. Vipimo vya mwaka 2007 vilionyesha kwamba binadamu akitembea hutumia takriban robo tu ya nguvu anayotumia sokwe. Katika sokwe watano waliopimwa, mmoja alitumia nguvu kidogo zaidi akiwa wima kuliko akiwa kwa minne, na tofauti ndogo kama hiyo ndiyo mageuko huanza nayo.

Nadharia yangu ina tundu, nalo si dogo. Sokwe wa Issa wana miti iliyoachana, wana matunda ya kufuata kutoka mti hadi mti, na matawini wanasimama. Wakishuka, wanakwenda kwa minne vilevile. Kitu gani kiliwafanya wa kwetu wasirudi kwenye minne? Wapo wanaosema walikuwa wamebeba chakula, wapo wanaosema mababu zetu hawakuwahi kutembea kwa vifundo vya vidole kama sokwe, kwa hiyo hawakuwa na pa kurudi. Hili la pili linanivutia zaidi, ila mifupa ya mikono ya kati ya miaka milioni 7 na 10, ambayo ingelithibitisha, karibu haipo.